Shule yetu ya kambini Ruiru haikupasisha hata mtu mmoja, na bado najivunia

Wakuu, poleni na kazi. Hii si hadithi ya kuambiwa. Nilikuwa hapo mwenyewe, bila viatu, na kama kuna mzee mwenzangu humu aliyekuwa pande za Ruiru enzi hizo, anisahihishe nikikosea.

Lakini nianze na mbuzi.

Cucu wangu, yaani nyanya yangu, alikaa Gatuanyaga, kule kukavu, na alikuwa na mbuzi dume mweupe, mkorofi sana. Huyo mbuzi alikula shati yangu. Na shati ilikuwa hiyo moja! Nilikuwa nimeianika kwa ua wa miiba nikaenda kuoga. Kurudi, naona mkono wa shati unaning'inia mdomoni mwake kama ulimi wa pili.

Cucu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifunga shuka yake begani akasema, "Enda kwa baba yako Ruiru akununulie ingine. Mbuzi wangu hachinjwi kwa sababu ya shati."

Ndio hivyo nilihama. Wakati huo watu walihamishwa na mambo makubwa, mimi nilihamishwa na mbuzi. Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, hali ya hatari ya mkoloni imeanza kulegea, mtu anaweza kutembea kidogo bila kuulizwa kila kona.

Baba alifanya kazi kwa shamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika. Leo ukiuliza hiyo shamba watakuonyesha ploti, nyumba za kupangisha na stage ya matatu ya Kimbo. Enzi zetu ilikuwa kahawa mpaka macho yachoke.

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa na pande mbili. Sisi Wakikuyu tulikaa upande huu wa mto. Ng'ambo walikaa watu wa kutoka magharibi, Waluo na Waluhya. Maji tulichota mto mmoja, na hapo ndipo palikuwa na shida.

Watoto tulirushiana mawe. Si mchezo, ni mawe ya kupasua kichwa. Sisi tuliwaita wala nyoka, kwa sababu Mkikuyu wa zamani hakula samaki, alimhesabu ni ndugu ya nyoka. Wao walituita ng'ombe. "Ng'ombe wamekuja kunywa maji!" Hapo jiwe linatoka. Hata mtu mzima akipita na baiskeli alikuwa anashika kofia kwanza.

Na wazazi? Wazazi walifuata watoto. Mama wa huku hakujua jina la mama wa ng'ambo.

Shule ilikuwa moja, ya udongo na nyasi, na mwalimu alikuwa mmoja. Mwalimu Zakayo, Mmaragoli, yaani Mluhya, mfupi, suruali yake ilikuwa na viraka vimeshonwa vizuri kuliko suruali yenyewe. Nilianza shule nikiwa mkubwa, ndevu zinatafuta njia. Sikuwa peke yangu.

Mwalimu Zakayo alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa shule ingine yoyote mpaka leo. Saa ya chakula, hakuna mtu kula chakula chake. Unakaa na mtu wa upande ule mwingine, wewe unakula chake, yeye anakula chako. Ukikataa, mnakaa hapo wote wawili na njaa mkiangaliana.

Mimi nilipewa Otieno.

Siku ya kwanza alifungua jani la ndizi, ndani kuna ugali na samaki mkavu. Yule samaki alinitazama. Nikafunga macho nikamtafuna vile mtu anatafuna hindi la kuchoma, kuanzia kichwa. Sikuwa najua samaki ana miiba! Ikanikwama hapa kooni, machozi yakanitoka.

Otieno aligaagaa chini kwa kicheko. "Mwalimu! Ng'ombe anakufa!"

Halafu akakata bonge la ugali akaniambia, "Meza, usitafune. Meza, ndugu yangu." Nikameza. Mwiba ukaenda.

Yeye naye kwa githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alikuwa anamenya mahindi ganda moja moja kama mtu anatafuta kitu kimepotea. Tukawa marafiki kwa sababu ya ujinga wetu.

Baba aliposikia aliwaka. "Uuui! Mtoto wangu analishwa nyoka ya maji! Hiyo ni shule ama ni nini?" Ni vile tu alikuwa kwa kamati ya shule, la sivyo angenitoa siku hiyo hiyo.

Sasa, wakuu, hapa ndipo penyewe.

Miaka ikaenda, tukafanya mtihani wa darasa la nne, ule wa kukuruhusu kuendelea mbele. Matokeo yakaja. Hakuna aliyepita. Hakuna! Shule ya jirani walipita wengi, wakaimba mpaka barabarani. Sisi tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Haikupita muda akaletwa supavaiza wa shule, Mkikuyu wa pande za Kiambu, kofia, tai, baiskeli inang'aa. Alikuja kuamua kama shule ifungwe. Ikifungwa, sisi wote ni kuchuma kahawa, na hata ile ya jirani haingetuchukua, kwa sababu kwa darasa tulikuwa wazee.

Akakaa na kamati nje, sisi tunasikia. Akamuuliza Mwalimu Zakayo, "Umekaa na hawa watoto miaka yote hii. Shule yako imefanya nini?"

Mwalimu akainamia viraka vyake. Nilitamani ajitetee.

Akajibu Nyina wa Wanjiku, yaani mama yake Wanjiku, aliyekuwa akiongoza wachumaji wa kahawa, mdomo wake haukuwa na kufuli. "Bwana mkubwa, umepita njia gani kuja hapa?"

"Ya mtoni."

"Na hiyo kofia bado iko kwa kichwa?"

"Iko."

"Basi shule imefanya kazi."

Watu walicheka, supavaiza hakucheka. Akasema, "Mama, hiyo si elimu."

Hapo baba yangu akasimama. Nikajua shule imekwisha, baba anaifunga na mdomo wake.

Akasema, "Mimi ndiye nilipiga kelele zaidi juu ya samaki. Sijamla na sitamla. Lakini wakati wa mvua, mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya kahawa. Aliyekuja mbio wa kwanza ni mama yake Otieno. Alijuaje mke wangu? Kwa sababu vijana wetu wanakula pamoja. Wakambeba kwa blanketi, watu wa ng'ambo wameshika mbele, wetu nyuma, wakavuka mto mpaka barabara ya Thika kutafuta gari la hospitali. Mama yuko. Mtoto yuko. Zamani, nani angevuka huo mto? Andika hiyo kwa matokeo."

Baba hakuwahi kunisifu maisha yake yote. Hiyo siku sikuhitaji.

Mimi niliishia hapo darasa la nne. Nimechuma kahawa, nimefanya kazi kiwandani Thika mpaka nikazeeka, nimekaa na makabila yote, na sijawahi kukosa mtu wa kunifungulia mlango. Hiyo haikuandikwa kwa cheti. Siwaambii wajukuu waache kusoma, wasome sana! Lakini mkipima shule, ulizeni pia watoto wake wakikutana barabarani wanafanyiana nini.

Nyinyi shule zenu ziliwapa nini ambacho mtihani haukuuliza? Andikeni hapa chini, nasoma zote, ingawa pole pole.

Namalizia na supavaiza, msije mkaniuliza.

Kengele ya chakula ililia. Dada mdogo wa Otieno, Akinyi, akaona mtu mzima amekaa peke yake. Yeye alijua sheria tu. Akaenda akamwekea jani lake mapajani, samaki na ugali, akanyoosha mikono apewe chake.

Supavaiza hakuwa na kitu. Akapekua mfuko, akatoa ndizi moja, akampa.

Kisha akatazama samaki. Akamega kidogo, hapo kwa mgongo, akatia mdomoni, akatafuna pole pole sana, akameza.

Akapangusa vidole, akavaa kofia, akachukua baiskeli yake akaisukuma mpaka mtoni, akavuka, akapotelea kwa kahawa.

Tulimngoja aje kufunga shule. Hajarudi mpaka leo.