Meza Iliyoning'inia ya Fanueli

Fanueli Osea Kibona, mwana wa Osea aliyeipandisha kengele ya kanisa mabegani hadi milima ya Ileje, mjukuu wa Kibona mfua majembe, yeye mwenyewe alikuwa fundi redio wa mji mdogo wa Mpemba. Redio iliyomshinda Fanueli, hiyo ilikuwa imekufa kweli.

Kibanda chake kilikaa kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia yakipita, ardhi ilitetemeka, na risasi ya moto ya kuchomelea nyaya ikadondokea pasipotakiwa. Basi akaining'iniza meza darini kwa vipande vya mpira wa tyubu. Lori lipite lisipite, meza ilitulia kama mtoto mgongoni.

Chini ya meza hiyo alikulia bintiye Anyitike, akichezea transista mbovu zilizong'olewa redioni. Akasoma, akasoma, hadi Ujerumani. Mwaka 2009 akapiga simu kwamba anakuja likizo. Furaha ikamwingia Fanueli, na woga nyuma yake: mtoto msomi namna ile, watazungumza nini? Akaionea haya meza yake ya kuning'inia. Akaikata ile mipira, akaishusha meza sakafuni, akaitandikia kitambaa cha mkewe.

Anyitike alipofika, wakiwa kwenye chai, akaeleza kazi yake.

"Ndani ya transista kuna kitu kinaitwa silikoni, baba. Tunakitia baridi kali ili chembe zake, atomi zisizoonekana kwa macho, zisitangetange. Kisha, kwa ncha ya sindano, tunahamisha chembe moja. Moja tu."

"Moja?" Mama yake, Ketrina, akaangua kicheko. "Shule yote hiyo! Mimi ulezi nahamisha kwa gunia."

"Na hiyo moja hunikimbia, mama. Mtu akibamiza mlango tu, imeshapotea."

Fanueli hakucheka. Hakuelewa, na kule kutoelewa kulimuuma. Wakatoka wawili hadi kibandani. Anyitike akaishia mlangoni.

"Baba, meza iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Ile iliyoning'inia! Chombo chetu kule kimening'inizwa vilevile, kwa springi, kisitikisike. Siku ya kwanza nilipokiona nililia, wenzangu wakadhani naumwa. Nilijiona niko hapa, miguuni pako."

Lori likapita. Bisibisi zikagongana juu ya kitambaa. Fanueli akampa kisogo, akapekuapekua pembeni kwa muda mrefu kuliko haja, akarudi na tyubu kuukuu.

"Ipandishe wewe, mwanangu. Vidole vyangu siku hizi havikazi fundo. Na ukimaliza usiondoke, redio ya mteja wangu mama Nesta inakungoja."