Mistari Sita ya Chaki

Fundi Nukta alipewa jina hilo na wenzake wa gereji. Kila alipomaliza kufunga breki za nyuma za gari, alichukua nyundo na msumari mgumu, akagonga nukta tatu kwenye bamba la chuma linaloshika viatu vya breki. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Walimcheka kwamba anatia sahihi mahali ambapo wasomaji ni matope tu, naye aliwajibu kwamba gari likisimama, hiyo inatosha. Haya. Mtu akianza kujisifu namna hiyo, mimi huacha kumtazama usoni nikamtazama mikono.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Binti alibeba mawe kwa pikapu yake, kutoka machimbo ya juu mlimani hadi kwenye majengo ya bondeni. Ekseli ya nyuma ilikuwa imepinda mara mbili kwa uzito, kwa hiyo bila kumuuliza baba yake akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akanunua ekseli nene iliyotoka kwenye pikapu kubwa zaidi. Aliifikisha gereji siku ya Jumatatu na kusema kwamba Ijumaa anaanza kazi mpya, safari nne kwa siku kwenye mteremko ule mrefu. Baba mtu akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi wananunua kwanza na kuuliza baadaye, kisha akavua shati akaingia kazini.

Kabla ya kugusa chochote alifanya jambo analolifanya yeye peke yake pale mtaani. Alilirudisha gari hadi ukutani na kuchora kwa chaki mstari wa kimo cha bodi, sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, gari likiwa tupu. Kisha akawaita mafundi wa jirani wapande nyuma mmoja mmoja, na kila aliyekaa, bodi ikashuka kidogo, naye akachora mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. Walipatikana watu sita, ikatoka mistari sita. Aliihitaji kwa sababu chini ya bodi kuna valvu yenye fimbo inayofika kwenye ekseli. Mzigo ukiishusha bodi, fimbo inasukumwa, na valvu inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu inazipunguzia, ili magurudumu yasikwame na kuteleza.

Ekseli mpya ilimtoa jasho. Viti vya springi vilikaa pembeni, akavikata na kuvichomelea upya. Drumu zake zilikuwa pana na zikasugua rimu za zamani kwa ndani, ikabidi zitafutwe rimu kubwa. Nati za paipu ya breki zilikataa kuingia, akabadilisha nati na kuitanua upya midomo ya paipu. Kebo ya hendibreki ilipungua shubiri nzima, akaipitisha njia fupi zaidi na kuichongea kishikizo kipya. Yote hayo ni kazi, na kazi alikuwa anaiweza.

Siku ya Jumatano akachukua brashi ya waya asugue kutu kwenye bamba la kushoto la ekseli hiyo. Kutu ilipopukutika, akaziona nukta tatu.

Akapeleka mkono kwenye kishikizo cha fimbo ya valvu, nacho kilikuwa bado na kipande cha waya, kimesokotwa mara nne kwenda kushoto. Yeye ni mtu wa mkono wa kushoto, na pale mtaani hakuna mwingine anayesokota hivyo.

Miaka mitano nyuma, dereva wa pikapu ya kubebea wajenzi, ile iliyokuwa na ekseli hii, alikuja kulalamika kwamba likiwa tupu kwenye mvua, gari linateleza nyuma. Valvu ilikuwa imechoka. Fundi Nukta hakuwa na nyingine, basi akaishusha fimbo na kuifunga kwa waya, breki zidhani gari ni tupu siku zote. Akamwambia ni kwa muda tu, mpaka valvu ifike. Valvu ilifika wiki ile ile. Ilikaa kwenye rafu kwa sababu alikuwa na kazi nyingine, na uvivu, tuseme ukweli, na uvivu! Siku ya tisa pikapu ile ilishuka mteremko ikiwa na wajenzi sita nyuma, na breki za nyuma zilizofungiwa nguvu. Walikufa wote pamoja na dereva. Wakaguzi walisema ni mwendo kasi, na dereva hakuwepo wa kujitetea. Fundi Nukta aliwasikia, akajitia hamnazo.

Na Jumatano ile alijitia hamnazo tena. Waya akautupa kwenye kopo la nati. Kisha, na hapa ndipo ninapomkasirikia, akachukua tupa akazisugua nukta zake tatu mpaka bamba likawa laini.

Alhamisi asubuhi alimaliza kufunga. Akaliteremsha gari kutoka kwenye jeki, akalirudisha ukutani, akaangalia chaki. Ekseli nene ilipaswa kuinyanyua bodi kidogo. Lakini bodi ilikuwa imeshuka hadi mstari wa mtu wa sita.

Nyuma hakukuwa na kitu. Alikagua springi, zikawa zile zile, nzima. Alipima upepo wa matairi, akalaza pimamaji sakafuni. Akaliendesha uani taratibu na kugusa breki, magurudumu ya nyuma yakakwama papo hapo, valvu ikizipa breki nguvu za gari lililojaa. Alipolirudisha na kuzima injini, springi zililia moja baada ya nyingine, vile zinavyolia watu wakijisogeza kupeana nafasi. Akaweka kiganja kwenye sakafu ya bodi. Chuma kilikuwa kivulini tangu alfajiri, na kilikuwa na joto la benchi lililotoka kukaliwa.

Hata hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kopo la nati, ukautoa waya. Angeishusha fimbo kidogo, akaifunga, na kesho binti angeanza kazi yake.

"Baba, unataka kufunga nini na huo waya?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, na funguo mkononi. Fundi Nukta alimtazama yeye, akautazama mteremko unaoonekana juu ya mapaa. Akakaa chini kwenye mafuta na vumbi, akamweleza yote, hata habari ya tupa. Binti akaugeukia ukuta, akahesabu mistari kwa kidole.

"Mtoto wa mama mshonaji alikuwa mmoja wao," alisema. "Huyo hapo ng'ambo. Anza naye."

Mama mshonaji alikuwa na kibanda upande wa pili wa barabara. Miaka mitano alikuwa akimsalimia fundi kila asubuhi na kumtilia viraka kwenye ovaroli bila malipo, ujirani tu. Fundi Nukta alivuka na waya kiganjani. Alilisema jambo lake bila kulizungusha, kwa sababu kama angelizungusha asingelifikia. Mama yule akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Miaka mitano unanisalimia," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada."

Akanyoosha mkono. Fundi akampa waya. Mama akaiangalia ile misokoto minne, akautia waya kwenye droo ya nyuzi na kuifunga. Kisha akageuza kiti chake, akampa mgongo, na mabega yakaanza kumtikisika. Fundi Nukta alisimama pale mpaka alipoelewa kwamba hata kusimama pale hakustahili.

Alipokuwa anavuka kurudi alisikia springi moja ikilia ndani ya gereji, mara moja tu. Binti alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta, kidole chake kikiwa kwenye chaki.

"Bodi imepanda mstari mmoja, baba. Hakuna aliyeligusa gari."

Fundi Nukta aliihesabu mistari iliyobaki, ikawa mitano. Akakumbuka pia mjane wa dereva, ambaye mumewe hakuwa amekaa nyuma na chaki haikumhesabu. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavaa shati. Binti akamnyooshea funguo, lakini yeye akatikisa kichwa na kumwambia aziache msumarini, gari hilo lisiondoke bado.

Kisha akatoka kwa miguu, akiuliza nyumba ya mjenzi wa pili ilipo.