Choo cha Kufuli

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, baba alipofunga choo chetu kwa kufuli. Saa naijua kwa sababu yeye mwenyewe aliitangaza. Alikuwa na saa ya mkononi, na kila alipofanya jambo aliloliona kubwa aliinua mkono, akaitazama, akatusomea. Hewa ilijaa harufu ya chokaa mbichi. Mpaka leo nikipita penye nyumba inayopakwa chokaa humwona baba akiutia ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni, chini ya shati, kama watu wengine wanavyovaa msalaba.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini. Tulikaa Petta, upande wa Tororo, na klabu ya akina mama ilikuwa imeanzisha shindano la nyumba safi. Boma lilitakiwa liwe na choo, shimo la takataka, kichanja cha kuanikia vyombo, na watoto wanaojua kanuni za afya. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mnunuzi wa pamba, na hakuweza kuvumilia wazo la kushindwa na majirani zetu, watu wa Buteba. Alileta saruji kutoka Tororo mjini, akamwita fundi, akajengewa choo cha bati chenye mlango wa mbao na kuta nyeupe kuliko za kanisa. Kilikuwa kizuri kuliko nyumba tuliyolala. Kilipokamilika akakifunga, kisije kikachafuka kabla ya mkaguzi kufika.

Nataka mnielewe vizuri. Choo cha zamani kilikuwa kimefukiwa ili boma lipendeze. Kwa hiyo tangu Jumamosi ile watu wazima walikwenda kwa jirani, na sisi watoto tukaelekezwa migombani, nyuma ya jiko. Hakuna aliyeona ubaya. Kwetu iliaminika kwamba uchafu wa mtoto mdogo si uchafu. Ni kama wa ndama, mvua inauchukua. Kwamba mvua inauchukua ni kweli. Hakuna aliyejiuliza inaupeleka wapi, ingawa kisima chetu kilikuwa chini ya migomba ile ile, na kila mwanamke wa pale aliujua mteremko huo, maana aliupanda kila siku na mtungi kichwani.

Elimu ya afya iliachiwa shangazi Erina, dada yake baba, aliyekaa kwetu tangu alipoachana na mumewe naye ndiye aliyekuwa katibu wa klabu. Jioni alitupanga mbele ya nyumba, mimi, Athieno, niliyekuwa na miaka minane, na ndugu yangu Okoth, aliyekuwa na minne. Mkaguzi angetoka Busia na alisema Kiswahili, basi tulifundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Okoth hakuijua hata neno la kuombea maji.

"Kabla ya kula?"

"Tunanawa!"

"Baada ya choo?"

"Tunanawa!"

Kila tulipoitikia tulisugua viganja, kisha migongo ya mikono, kisha katikati ya vidole. Mikono mikavu. Karai lilikuwepo, na sabuni ilikuwepo, bado imo kwenye karatasi yake ya dukani, lakini maji hayakumiminwa kwa sababu sabuni ikilowa hupoteza umbo na mkaguzi alitakiwa aione nzima. Hivyo Okoth akaelewa kwamba kunawa ni mchezo wa mikono unaochezwa mtu mzima akipaza sauti. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Akitoka migombani alisimama penye njia, akasugua viganja vyake vitupu kwa bidii, akajiitikia mwenyewe "Tunanawa!", halafu akatia mkono katika sahani ya viazi. Shangazi alimtazama kwa fahari.

"Huyu ndiye atatushindia," alisema. "Mama Athieno, umemwona mwanao?"

"Nimemwona," mama akajibu. "Mikono yake inanuka."

"Wewe kazi yako kunusa watoto. Mkaguzi hatawanusa."

Mvua kubwa zikaanza. Siku ya ukaguzi Okoth aliamka akiharisha maji matupu, na jua lilipopanda macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hayakutoka machozi. Mama alimwomba baba ampeleke hospitali kwa baiskeli. Baba alisema atampeleka mara tu mkaguzi atakapoondoka. Mgeni hawezi kukuta boma halina mwenyewe. Shangazi naye akamfungia mtoto jikoni pamoja na mama, akaagiza asipewe hata tone la maji, eti maji yatazidisha kuhara. Sukari ilikuwepo siku hiyo, robo kilo nzima, lakini ilikuwa ya chai ya mkaguzi.

Mkaguzi alifika kwa gari la serikali, mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe, kalamu sikioni. Baba alivuta uzi wake, akafungua kufuli, akasimama kando. Mkaguzi alichungulia ndani ya choo, akavuta pumzi.

"Safi sana, mzee. Hakina hata harufu."

Kingeipata wapi? Aliandika alama. Akaenda kwenye kichanja, akaandika. Akaja kwangu, nami nikaitikia na kusugua peke yangu, nikisikia Okoth akikoroma kidogo nyuma ya mlango wa jiko. Mkaguzi akatazama karatasi yake.

"Hapa naona watoto wawili. Wa pili yuko wapi?"

"Mtoto ile nakwenda kwa bibi yake, madamu," shangazi akasema, kwa Kiswahili chake cha soko la Busia.

Mlango wa jiko ulifunguka. Mama alipita katikati yao, akamlaza Okoth kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili ya chai, karibu kabisa na viatu vile vyeupe.

"Bibi yake alikufa mwaka juzi," alisema. "Mtoto ni huyu."

Mkaguzi alivuta miguu nyuma kwanza. Hilo nililiona, na sikulisahau. Kisha akasema mtoto huyu apelekwe hospitali upesi.

"Gari ni hilo," mama akasema.

"Gari la serikali halibebi wagonjwa, mama. Si mimi, ni sheria."

Akaondoka bila kunywa chai. Baba akapanda baiskeli mpaka barabarani, akarudi na dereva wa kukodi, Mkenya wa Busia mwenye kofia ya sufu. Mama akaingia nyuma na Okoth mapajani, nami nikajibana pembeni. Ndipo baba akaushika mlango wa gari, akaanza.

"Unasema thelathini mpaka Tororo? Kwani nanunua gari?"

"Thelathini, mzee. Na mtoto akinichafulia kiti, tano juu."

"Mimi ni mzee wa kanisa, kijana."

"Basi uombe, mzee. Petroli haishuki kwa maombi."

Wakashuka hadi ishirini na nane. Wakakaa hapo. Kichwa cha Okoth kilikuwa kinayumba juu ya mkono wa mama kama kisicho na shingo. Wakashuka hadi ishirini na tano.

"Baba Athieno, funga mlango," mama alisema.

Baba alimwinulia kidole kimoja, subiri, akaendelea.

Hospitalini muuguzi alimfinya Okoth ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama mkunjo wa nguo. Akauliza amekunywa nini tangu asubuhi. Mama akasema hakuna. Muuguzi akamchoma sindano ya maji, na bila kugeuka akasema, "Ninyi watu mnakausha watoto kama samaki." Siku ya tatu Okoth alimwomba mama uji, na alipomaliza akadai mwingine, nasi tukajua atapona.

Tuliporudi, mama aliweka mzigo chini, akachukua jembe, akang'oa komeo la choo pamoja na kufuli lake. Okoth aliogopa kuingia. Tundu lilikuwa kubwa na giza lake lilimtisha. Mama alitafuta ubao, akaomba fundi autoboe tundu dogo, akauweka juu ya lile kubwa. Akasimama naye kila mara, amemshika mikono yote miwili, mpaka hofu ilipomtoka. Nje ya mlango alining'iniza kibuyu cha maji, akaichana karatasi ya sabuni. Hakumfundisha kuitikia chochote. Majuma mawili baadaye Okoth alikuwa akilia akikuta kibuyu kitupu.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la sita. Mengine nimejisomea katika vijitabu vya bei ndogo, kimoja baada ya kingine, na katika kimoja nilikuta kwamba mtoto anayeharisha hupewa maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo. Vyote vitatu vilikuwa hatua chache kutoka pale alipolala. Kwa miaka mingi nilidhani wakubwa wangu walikuwa wajinga, nikawahurumia kwa sababu hiyo. Ukubwani ndipo nilipotambua kwamba huruma ile niliitupa bure. Mjinga hajui, lakini shangazi alijua kanuni zote na hakuwahi kukosea hata moja, na baba alijenga choo kilicho bora kuliko vyote vya Petta. Walichoamini ni kwamba usafi ni wa kuonyeshwa, na mwenye kustahili kuuona ni mgeni. Mtu wa namna hiyo huwezi kumfundisha, maana kila utakachomfundisha atakifungia.

Baba alizeeka akiisimulia siku ile kwa wageni. Jina la Okoth halikuwemo katika hadithi yake, wala la mama. Ilikuwa hadithi ya dereva mjanja wa Busia aliyetaka thelathini, na mzee wa kanisa aliyeshika mlango wa gari mpaka ikafika ishirini na mbili. Hapo aliwasubiri wapige hesabu wenyewe. Aliokoa shilingi nane.