Mtani Aliyelala Kaburini

Ukitaka kumjua Mabel, muulize mtu aliyewahi kumkosea. Shemeji yake alichukua baiskeli ya marehemu mume wake bila kuomba, na hadi leo akifika mbele ya nyumba ya Mabel hushuka na kuikokota mpaka aipite. Hakuna aliyemwambia ashuke. Mabel humtazama tu, mikono kiunoni, na mtu mzima na ndevu zake anajikuta ameshuka.

Alizaliwa Lulindi, kwenye familia za misheni, akaolewa Masasi mjini na Anselmo, fundi baiskeli. Mtaani wanamwita Mama Winfrida, kwa jina la binti yake mkubwa. Anselmo alipofariki kwa ugonjwa wa tumbo, Mabel aliishika sufuria kwa nguvu zote. Alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kwa chumvi, aliyoifuata kijijini Chiungutwa kwa bodaboda. Alipika kashata za korosho. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ulipofika aliyakamua, akayachuja mpaka ukakasi ukaisha, akagandisha barafu ambazo watoto walizifyonza mpaka wakazitafuna na mifuko yake. Vyote alivitembeza kwa beseni kichwani, kutoka stendi hadi sokoni, jua la Oktoba likimkaanga yeye badala ya korosho. Magoti yakaanza kumlilia. Akaona kwamba akiendelea kutembea, miaka michache tu ijayo atakuwa mtu wa kubebwa.

Ndipo akaanza kuitazama bustani. Ilikuwa kipande cha ardhi chini ya mlima wa mawe, chenye mijohoro mikubwa na mabenchi ya saruji ambayo mtaa mzima ulichangia. Jioni watu walijaa pale kupunga upepo. Msimu wa korosho ndio usiseme, kila mtu ana chochote mfukoni, lakini cha kutafuna hakuna. Mabel alilipika wazo lake mwaka mzima: kibanda kimoja bustanini, cha msimu tu, kifunguliwe mabibo yanapoiva na kifungwe mvua zikikolea. Yeye angeketi, na watu wangemfuata.

Siku ya mkutano wa mtaa alivaa kitenge chake kizuri, akasimama, akaeleza. Alieleza vizuri. Akina mama walitikisa vichwa kukubali, na mzee mmoja akauliza kama ming'oko itakuwa ya moto.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Stefano, mwanamume mnene mwenye sauti nzuri ya kwaya. Sasa lijue hili, maana bila hili mengine yote hayana maana: ukoo wa Stefano na ukoo wa Mabel ni watani. Walianza lini, hakuna anayekumbuka. Mtani hukunyang'anya kofia mbele ya wakwe zako, hukuita mchawi, mwizi, mlafi, nawe hucheka. Sheria ni moja tu: anayekasirika ndiye ameshindwa, na aibu ni yake.

Stefano alimsikiliza Mabel mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mtani wangu," akasema, "Anselmo ulimlisha ming'oko hiyo hiyo, tukamzika. Leo unataka utuzike mtaa mzima?"

Mkutano ukaangua kicheko. Watu walijipiga mapaja. Mabel alikuwa amemlisha Anselmo uji kwa kijiko mpaka pumzi ya mwisho. Lakini huyu ni mtani. Akacheka. Alicheka mpaka mashavu yakamuuma, na alipomaliza kucheka, Stefano alikuwa ameshahamia kwenye ajenda ya taka.

Oktoba iliyofuata kibanda kilisimama bustanini. Kilipakwa rangi ya kijani, kikawekwa dirisha la kufungua kwa juu, na ndani yake alikaa Ethel, mke wa Stefano, akiuza barafu za mabibo na kashata. Mabel alipita na beseni lake kichwani, akasimama, akatazama. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti.

"Mtani, kile kibanda?"

"Kizuri, eeh?" Stefano akacheka. "Wewe ulileta maneno, mimi nikaleta mbao. Au umekasirika?"

"Nikasirike nini," Mabel akasema, naye akacheka. "Mimi na wewe ni utani tu."

Alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akasema kwa sauti, sufuria zikisikia, kwamba atamlipa yule mtu, na atamlipa huku anacheka. Tangu siku ile alipita mbele ya kibanda kila jioni, akamsalimia Ethel vizuri, akanunua kashata moja, akaitafuna taratibu. Ilikuwa tamu. Hilo nalo lilimuudhi.

Aliyempa nafasi alikuwa Mzee Cecil, baba yake Stefano, aliyefariki kwa uzee kabla msimu haujaisha. Alikuwa mzee wa watu, mkorofi kidogo, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata kwenye joto. Msiba wa mzee aliyeshiba siku kama yule ndio uwanja wa watani wenyewe. Wao ndio huwachekesha wafiwa machozi yasiwanyonge. Mabel alipanda gari la msiba hadi Lulindi, alikoishi mzee, na alipofika aliingia chumbani kwa marehemu bila kumwomba mtu, akatoka amelivaa lile koti, akatembea kwa kuchechemea, akikohoa na kuwatukana wajukuu kwa sauti ya mzee. Waombolezaji walicheka huku wanafuta kamasi. Hata Stefano alicheka. Alimshika bega, akasema, "Asante, mtani. Umetufaa."

Mabel alimtazama, akaona kwamba yule mtu hana habari kabisa.

Makaburini, jeneza lilipowekwa juu ya udongo na padri akafungua kitabu chake, Mabel alivua viatu, akajitosa kaburini na kulala chali, koti la kijivu likiwa limemfunika mpaka shingoni.

"Nimechoka!" akapaza sauti. "Mimi ndiye Cecil! Funikeni!"

Watu wakapiga vigelegele. Mambo hayo wanayajua. Mtani akiingia kaburini, wafiwa humkomboa, kisha mazishi huendelea. Zikarushwa sarafu, zikamdondokea kifuani. Mabel akaziokota na kuzirusha nje moja moja.

"Hizi za nini? Mwiteni mwanangu Stefano!"

Stefano akaja ukingoni, akiinama, jasho likimtiririka shingoni. "Haya mtani, toka. Mzee anapigwa jua."

"Mzee hana haraka tena. Mwanangu, niambie nikalale salama. Kile kibanda cha bustanini ni wazo la nani?"

Kicheko kikapanda tena. Stefano naye alianza kucheka, halafu akakutana na macho ya Mabel. Mdomo wa Mabel ulikuwa wazi kwa kicheko, meno yote nje. Macho hayakuwemo kwenye kicheko hicho. Kicheko cha Stefano kikakatikia njiani.

"Mama Winfrida," akasema kwa sauti ya chini, "leo ni baba yangu."

"Na yule uliyemtaja mkutanoni alikuwa mume wangu," Mabel akajibu, chini vilevile, kisha akapaza sauti kwa ajili ya wote: "Sisikii! Masikio yameshaingia mchanga!"

Padri alisubiri, kidole kikiwa katikati ya kitabu. Waliobeba jeneza walijipangusa nyuso. Stefano hakuwa na pa kwenda. Akikasirika, ameshindwa mbele ya ukoo wote na mbele ya maiti ya baba yake. Akimtoa kwa nguvu, ni vibaya zaidi.

"Ni wazo lako," akasema.

"Walio nyuma hawajasikia!"

"Ni wazo lako! Nilikuibia!" Sauti nzuri ya kwaya ilipasuka katikati. "Ethel, mpe ufunguo."

Ethel alifungua pindo la khanga, akautupa ufunguo kaburini. Mabel aliudaka, akaubusu, akapanda juu akisaidiwa na mikono mingi, watu wakimpongeza kwa utani ambao Lulindi haijauona siku nyingi. Moyo wake ulikuwa mwepesi mno. Alimsikiliza Stefano akishindwa kuimba kwaya, akaona raha, na hakuionea aibu raha hiyo.

Juma lililofuata aliketi kibandani. Magoti yalipumzika. Watu walinunua na kucheka, wakimuuliza kama mle kaburini kulikuwa na baridi. Stefano hakuonekana bustanini.

Masika yalipokaribia kwisha, mama yake Mabel, Bibi Bibiana, akafariki akiwa na miaka mingi kuliko mtu yeyote pale Lulindi. Mabel alilia, akajipangusa, kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alichukua shali nyekundu ya mama yake, ile aliyoivaa kila Jumapili, akaianika kwenye kamba mbele ya nyumba, mahali ambapo mtani akiingia lazima aione, aichukue na kuivaa.

Stefano alikuja na ukoo wake wote. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipita chini ya kamba, shali ikamgusa bega, akaisogeza kwa adabu. Akamshika Mabel mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Mama Winfrida. Poleni sana kwa msiba."

Mabel aliung'ang'ania mkono ule. "Mtani," akasema, "mama yangu alikuwa akiiba korosho za jirani. Huna la kusema?"

"Hapana, dada," Stefano akajibu kwa upole. "Mimi na wewe hatuna utani."

Akaenda kuketi mkekani na wageni wengine, ukoo wake ukaketi nyuma yake, mikono mapajani. Makaburini hakuna aliyeingia shimoni. Jeneza lilishushwa mara moja, kimya kimya, na majembe yakaanza kazi huku Mabel akiwatazama watani wake mmoja mmoja, akisubiri angalau mtu mmoja amcheke.