Wasifu wa Mwashi wa Mawe Meusi

Kwetu Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, mtu hazikwi kabla maisha yake hayajasomwa. Mwili umelazwa mbele, watu wamekaa, na mmoja wa watoto anasimama na karatasi: marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alizaa wangapi, aliugua nini. Baba yetu alipofariki, akiwa na miaka themanini na minne, karatasi hiyo nilipewa mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika familia mwalimu ndiye anayebebeshwa kila kitu chenye wino.

Kaka yangu mkubwa, mwanajeshi mstaafu, alikuwa na sentensi zake tayari. Aliketi mbele yangu sebuleni kwa baba, kule Mbugangari, mikono juu ya magoti, akaniamuru kama yuko gwarideni.

"Andika: alikuwa muzee wa kanisa mpaka siku ya kufa yake."

Kalamu yangu ilisimama. Haikuwa kweli. Baba alivuliwa uzee wa kanisa miaka kumi na minane iliyopita, na hakuna aliyekuwamo sebuleni asiyejua kwamba alivuliwa kwa sababu yangu.

"Andika tu," kaka alisema. "Kwa mazishi hatuleti aibu."

Aibu yenyewe ilikuwa mimi. Nilimwambia nimechoka, nitamalizia kesho, nikaikunja karatasi. Mazishi yalikuwa kesho kutwa saa nne asubuhi, na mstari ule mmoja ulikuwa bado haujaandikwa.

Mengine yote yaliandikika bila shida. Baba alikuwa mwashi wa mawe meusi, yale yaliyotemwa na volkano, ambayo wakulima huyaona uchafu wa shamba. Tulirudi kutoka Kongo nikiwa mdogo, naye alivuka mpaka na mke, watoto sita, magodoro mawili na mfuko wa nyundo zake. Sikuwahi kumwona akigonga jiwe bila kuligeuza kwanza. Alilipakata, akalizungusha, akalichunguza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Jiwe yote iko na uso yake," alituambia. "Ukiipiga kabla haujaiona, itakupasukia."

Saa kumi na moja alfajiri alituamsha kuomba. Aliomba kwa Kiswahili, lugha tuliyokuja nayo, na ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili ingawa wasifu niliusoma kwa Kinyarwanda. Alitutaja mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na alipotufikia sisi wa mwisho tulikuwa tumeshasinzia tena. Amina ikitoka mdomoni, ndoo iko mkononi. Hakunywa pombe, hakumwinulia mama mkono, hakugusa chakula kabla ya kuuliza kama sote tumekula. Najua nafanana na kila mtu anayesifu maiti. Wafu wote huwa wema, hata wale waliotutesa. Baba yangu alikuwa hivyo akiwa hai, na inaniudhi kwamba sina maneno mengine ya kumwelezea ila haya yaliyokwisha kutumiwa na waongo.

Kanisa letu la kilokole alilijenga kwa mikono yake. Msingi aliuweka Jumamosi baada ya Jumamosi, siku ambazo mafundi wenzake walikuwa wakipumzika. Walipomfanya mzee wa kanisa walimpa kiti mbele, karibu na mimbari, na mama alimnunulia tai ya buluu ambayo hakujua kuifunga mpaka anakufa. Tulimfungia sisi, kwa zamu.

Nilipopata mimba nilikuwa na miaka ishirini, nakaribia kumaliza masomo ya ualimu. Kijana mwenyewe aliondoka kwenda Uganda kutafuta maisha, na bado anayatafuta. Nilimwambia baba uani, akiwa amechuchumaa akichonga jiwe. Aliweka nyundo chini. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Umeshakula?" Nikasema ndiyo. Akaokota nyundo akaendelea na kazi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ningependa anitukane tukamaliza. Kimya kile nilikisoma kwa macho yangu mwenyewe, nikaona ndani yake chuki.

Kwa desturi ya kanisa letu, binti akizaa nje ya ndoa hukalishwa kando, na baba yake akiwa mzee wa kanisa huvuliwa pamoja naye, kwa kuwa aliyeshindwa nyumba yake hawezi kuongoza nyumba ya Mungu. Tangazo lilisomwa Jumapili. Baba aliinuka, akapita katikati ya watu wote, akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kwa kawaida adhabu hiyo huisha. Mtu hutubu, huombewa, hurudi. Mimi mwenyewe nilijifungua binti, nikasimama mbele ya watu nikatubu, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa ninaimba kwaya. Baba hakurudi. Kila Jumapili nikiimba nilimwona kule nyuma na tai yake imekaa upande. Kuhubiri alikatazwa, ila ukuta wa kanisa ulipopasuka kwa matetemeko waliomwita kuziba nyufa ni walewale, naye alikuja Jumatatu na ndoo yake.

Niliamini anakaa pale ili nimwone. Niliamini ndiyo fimbo aliyochagua kunichapia, mtu asiyejua kupiga. Na kulikuwa na chumba. Wiki chache baada ya kumwambia habari zangu, baba alianza kujenga chumba nyuma ya nyumba, chenye mlango wake peke yake. Akitoka kazini alichota maji, akachanganya saruji, akaendelea mpaka giza linaingia, naye wakati huo ana miaka sitini na sita. Kilipokwisha aliniambia nihamie. Nikasema moyoni: ananitenga, hataki nikae na watu safi. Nilikaa humo na binti yangu miaka miwili nikiwa nimenuna. Kisha nikapata kazi shule moja ya Rubona, nikahama. Tangu hapo nilikuja sikukuu na kwenye magonjwa, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, nikaondoka kabla chai haijapoa.

Siku ile niliyokunja karatasi, alasiri, alikuja msibani mzee mmoja mwenye fimbo, wa mwisho aliye hai kati ya wazee wa kanisa wa wakati ule. Alinyweshwa maji, akapumua, akaniita nikae karibu.

"We ndiye unasoma kesho kutwa?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Basi usikie. Tulikuja watatu hapa, wakati ule wa shida yako. Tukamuambia, muzee, toa ule binti kwa nyumba, atazalia kwa shangazi yake. Halafu utubu mbele ya kanisa, urudie kiti yako. Akatusikiliza mpaka mwisho. Akatupeleka kule nyuma, akatuonyesha musingi. Akasema, 'Mi niko namujengea, na munaniambia nimufukuze?'"

Mzee aliendelea kutazama fimbo yake.

"Tukarudi tena, mutoto ameshazaliwa. Tukasema, bon, basi tubu tu kwa sababu ulikatalia wazee. Akasema hiyo hawezi kuitubu. Akasema atakaa palepale nyuma."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Niliuliza kwa ukali usiostahili kusemeshwa mtu wa umri wake. "Miaka yote hii, mzee, na mama naye amekufa bila kusema neno!"

"Yeye ndiye alikataza. Alisema, 'Mukimuambia, ataenda yeye mwenyewe.'"

Ni kweli, ningekwenda. Ningefunga nguo siku hiyohiyo, kwa kiburi changu, na baba alinijua kama alivyojua mawe. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba. Chumba siku hizi kinawekwa mkaa na viazi. Niliegemea ukuta wake nikalia kwa sauti, mpaka mke wa kaka akaja kunishika mabega akidhani nimezimia. Wanasema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Yangu yalikuja baba yangu akiwa tayari yuko chumba cha maiti.

Niliandika mstari ule asubuhi yake, nikampa kaka. Alisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye.

"Na mimi sikujua," alisema. Akanirudishia karatasi, akatoka nje kuhesabu viti ambavyo vilikuwa vimeshahesabiwa.

Kanisani nilisoma alikozaliwa, kazi yake, watoto sita, wajukuu kumi na wanane. Nikasoma kwamba alikuwa mzee wa kanisa, kwamba aliambiwa achague kati ya kiti chake na binti yake, na kwamba binti huyo ndiye anayesoma. Mchungaji wetu, kijana aliyekuja juzijuzi, aliinamisha kichwa. Yule mzee mwenye fimbo alisimama peke yake kati ya watu waliokaa, akabaki amesimama mpaka nikamaliza. Nilisema asante, baba, mbele ya kanisa lililojaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshukuru kwa jambo hilo, na jeneza lilikuwa limeshafungwa.

Watu walinipongeza makaburini kwa ujasiri. Sikuwa na ujasiri wowote, maana kuna jambo moja sikulisoma. Siku niliyohama kwenda Rubona, baba alisimama mlangoni pa chumba kile akaniangalia nikifunga mizigo. Akaniuliza, kwa sauti ya fundi anayeuliza mteja, "Chumba iko na shida gani? Niambie, nitaitengeneza." Nikamjibu kwamba nimechoka kukaa gerezani. Aliangalia kuta, akaangalia mikono yake. Aliinama akajitwika godoro langu kichwani, akanisindikiza mpaka barabarani, akangoja gari pamoja nami, na lilipofika alimwomba dereva aendeshe taratibu kwa sababu ndani kuna mtoto.