Chuma Yenye Haiguswi

Weye unanisikiliza, umeshasikia chuma ikilia mpaka unaisikia kwa tumbo kabla ya masikio? Miye niliisikia Columbus, huku Amerika, uzee umeshanikalia, nikasimama kama mtu ameitwa.

Bon, nianze nyumbani. Kaka yangu mkubwa ndiye alikuwa anapiga kengele ya kanisa yetu, kule milima ya Kivu ya Kusini. Kengele gani? Chuma ya gurudumu ya lori, imetundikwa kwa mti. Lori haipandi kule, wanaume waliibeba kwa mabega toka bondeni. Akiita watu kwa maombi, anapiga mbio mbio, halafu anaishika na mkono inyamaze. Lakini mtu akikufa, anapiga moja tu, na haigusi. Anaiacha ilie mpaka imalize yenyewe. Wachungaji wa ng'ombe wakisikia hivyo, wanasimama, wanavua kofia.

Basi Amerika ikatutawanya. Miye Louisville, mtaa wa Iroquois. Kaka Buffalo, kwa mtoto wake. Mjukuu wangu, binti, akaenda kusoma Columbus, akapata chumba mtaa wa Clintonville, na huko akaingia kwa kikundi cha muziki ya Java, kule Indonesia. Gamelan, wanaiita. Akatualika, miye na wamama wa kanisa, wote wa milima yetu. Tukaketi mstari wa mbele na vitenge vyetu.

Kumbe yeye walimpa ile gong kubwa ya nyuma, inaning'inia, mviringo, na kinundu katikati. Wenzake wanagonga vyuma vidogo bila kupumzika, yeye amekaa tu. Nikamnong'oneza mama wa pembeni, "Angalia, mtoto wetu wamemnyima kazi." Sijamaliza, akapiga. Moja. Na hakuigusa.

Tulisimama wote, mstari mzima wa vitenge, vichwa chini. Watu wa nyuma nao wakasimama, walidhani ni desturi ya Java.

Muziki ilipoisha mjukuu akanikimbilia. "Koko, mbona mlisimama?"

"Nani amekufa?"

Alicheka mpaka akaketi chini. "Hakuna mtu, Koko. Ni wimbo umefika mwisho wa mzunguko."

Palepale nikampigia kaka simu, nikaisogeza kwa gong, mjukuu akapiga tena.

"Dada, hiyo ni sufuria imeanguka," kaka akasema.

"Si sufuria. Ni kubwa kuliko yako."

"Kuliko yangu? Donc nitakuja niione na macho." Halafu akauliza, "Huyo mtoto, anajua kungoja?"

"Anangoja kuliko wote."

"Muzuri. Kupiga, kila mtu anaweza."

Toka siku ile, kila simu ni hiyo tu: tunaenda lini? Alitaka kuisikia na mwili, kabla ugonjwa wa kifua haujamshinda. Lakini Buffalo ilikuwa theluji mpaka madirishani. Mtoto wake alikuwa na zamu kiwandani kila wikendi, na binti yangu, mwenye angeniendesha, hakupata ruhusa kazini, kule depo ya mizigo ya Okolona. Tukasema, tungoje theluji iishe. Hata yeye alisema hivyo, alikuwa amezoea kungoja. Theluji ilipoisha tulikodi gari kweli. Lakini si ya kumpeleka Columbus. Ilitupeleka Buffalo kumzika.

Pasta aliomba muzuri, siwezi kumlaumu. Sanduku likashuka. Miye nimesimama, masikio wazi, nangoja ile moja. Nasikia magari tu yanapita barabarani, yanapita. Mtu mwenye alisindikiza kila maiti ya milima yetu na chuma yake, yeye akashuka kimya. Mpaka leo nikipika, nikisuka, nasema, tungeenda tu na theluji ile. Tungemfunga mablanketi, tukaenda.

Mjukuu akanishika mkono. Huyu siku zote ananijibu Kingereza, lakini siku ile alitafuta Kiswahili, neno moja, halafu lingine.

"Koko, kikundi chetu kikipiga tena, gong ya mwisho itakuwa yake. Utakuja, utasimama. Nitapiga moja. Na sitaigusa."