Makopo ya Bluu

Amplifaya ile ililetwa kwangu na mwenye hoteli mmoja wa hapa Gisenyi, mtu anayevaa miwani ya jua hata akiwa ndani. Ilikuwa ya marehemu baba yake, ya zile zenye taa za kioo zinazowaka kama kaa la moto. Alisema ilishatengenezwa Goma, ikabadilishwa kapasita kubwa zote, zile za kutunza umeme, ila sasa inanguruma na kukata fyuzi.

Niliifungua. Kando ya taa zilisimama hizo kapasita mpya, makopo manne ya bluu yenye maandishi ya dhahabu, mazuri kama chupa za manukato. Nilipoyapima, hayakufika hata robo ya kilichoandikwa. Nikapasua moja kwa kisu. Ndani mlikuwa na udongo mkavu, na katikati ya udongo kapasita ndogo kuukuu, imezikwa kama mbegu ya haragwe.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, Tanzania, kabla hatujarudi huku kwetu. Yeye kifaa kibovu alikiponda kwa nyundo kabla ya kukitupa, mwingine asije akakiokota. Kesho yake nikavuka mpaka, kopo nimelifunga kwenye kitenge.

Fundi wa Goma alikuwa kibandani kwake anakula chapati. Akatazama nyuma yangu.

"Mama, bwana yako iko wapi? Yeye njo fundi?"

"Fundi ni mimi."

Akacheka. Nikamwekea kopo mbele ya chapati. Wala hakushtuka.

"Bon. Ule mwenye hoteli alichagua yeye mwenyewe, juu ya rangi. Batu banaangaliaka, mama. Habasikiake." Kwake yeye, watu hutazama tu, hawasikilizi.

Nikamwambia umeme wa mle ndani unaua, na kopo kama lile litakuja kumpasukia mtu usoni. Akajipangusa vidole, akauliza kama ningemuuzia yale matatu yaliyobaki.

Nilirudi nikaweka kapasita za kweli, nyeusi, fupi kama kidole gumba, chini ambako hazionekani. Nikatoa na zile za karatasi zilizokuwa zinavuja nta. Mngurumo ukaisha.

Mwenye hoteli alipokuja hakusikiliza hata dakika moja. "Za bluu ziko wapi?"

Nikamwonyesha udongo. Akauchungulia. "Hayo mengine si mazima kwa nje? Yarudishe. Itakaa mapokezi, wageni watapiga picha."

Ningemfukuza. Badala yake niliyabandika yote manne kwa gundi, bila waya hata mmoja, lililopasuka nikaligeuzia nyuma. Kwa kazi hiyo nilijidharau kuliko nilivyowadharau wao wawili.

Siku ya kuiwasha mwenye hoteli alinialika, akaweka santuri. Mama yake, kizee mwembamba, alikuwa amekaa karibu na spika, macho kayafumba. Mwanawe aliwaambia wageni kwamba sauti ile inatoka kwenye makopo ya bluu, na kwamba ni lazima mtu ajue kuchagua. Kisha akaongeza sauti.

"Punguza, mwanangu," mama akasema. "Baba yako hakuifungulia hivyo."

Akaongeza tena. Nikainuka nikapunguza mwenyewe.

"Usiguse, mama! Hicho ni kifaa cha kitaalamu!" mwenye hoteli akanifokea.

Baadhi ya wageni wakacheka, sijui wakimcheka nani. Kizee akanishika mkono, akanivuta nikae kando yake. Tukasikiliza upande mzima wa santuri, na hakuna kati yetu aliyegeuka kumtazama mwanawe.